Mahali pa Kuliegesha Basi Mpaka Baridi Iishe

Dubai, Januari

Mke wangu Mama Sauda,

Asalaam aleikum. Kabla hujafika mstari wa pili, kaa chini. Kaa kwenye kile kigoda cha jikoni, maana najua barua hii umeifungua umesimama na mwiko mkononi. Hujambo? Kifua kinaendeleaje, na ule ukungu wa asubuhi bado unaingia mpaka chumbani? Sauda hajambo? Na bibi yake, magoti yamempa nafuu? Mimi huku ni mzima kama chuma cha reli, na ukiniona utadhani nimeongezeka kimo.

Sasa sikiliza. Katika watu wote waliowahi kuteremka milima ya Lushoto kwenda kutafuta maisha, hakuna mwenye bahati kama mumeo. Wapo waliokuja huku na vyeti, wapo waliokuja na Kiingereza cha puani, wapo wenye wajomba waliowatangulia. Wote hao wanalala watu wanane chumba kimoja, soksi za mwenzako zinaning'inia juu ya pua yako. Mimi, mtu wa darasa la saba, tena hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa, nina basi. Nimepewa na arbab wangu, yaani tajiri wangu, kwa mdomo wake. Basi zima, lenye vitanda viwili, jiko la gesi, friji ndogo, kabati la vyombo na mapazia ya zambarau. Nyumba yenye magurudumu. Wazungu wastaafu wanaota kitu kama hicho maisha yao yote, mimi nimekipata nikiwa bado nina meno yangu.

Ujumbe wako wa sauti ulionitumia kwa simu ya Sauda nimeupata. Unasema umeshaaga kazi pale jikoni kwenye shule, kuku umewagawa, na mwisho wa mwezi unarudisha ufunguo wa chumba kwa mwenye nyumba ili uje tukae wote ndani ya basi. Ukauliza swali moja tu: "Baba Sauda, hilo basi umeliegesha wapi? Pana joto? Maana mimi baridi ya Lushoto imenitosha." Nimeamua kukujibu kwa barua. Kwenye simu nikiisikia tu sauti yako nageuka mchekeshaji, tunacheka wee, tukikata simu najikuta lile la maana sikulisema. Barua hii anakuletea dada mmoja wa Korogwe anayetandika vitanda hotelini huku Al Garhoud. Anakuja likizo, na ameniahidi atakukabidhi mkononi kabla mwezi haujaisha.

Kwanza ujue kwamba Dubai kuna baridi. Watu wa kwetu hawaamini, wanadhani huku ni jiko tupu. Ni kweli mwezi wa saba ukishika kitasa cha gari bila kitambaa unaacha ngozi pale. Lakini kuanzia Desemba, jua likishazama jangwani, mchanga unaliachia joto lote kama mtu anayekung'uta shuka, na kinachobaki ni baridi kavu. Ya Lushoto ina adabu, inakuja na ukungu, unaiona kwa mbali ukafunga dirisha. Hii ya huku huioni. Unaikuta imeshakaa kwenye kiuno.

Kwa hiyo kuchagua mahali pa kuegesha nyumba ya magurudumu ni elimu, na mimi sasa hivi ni profesa wake. Nimekagua mji huu kwa miguu. Nyuma ya hoteli moja Al Garhoud kuna ukuta wa dobi unaotoa mvuke mchana kutwa. Ukiuegemea unapigwa pasi na shati likiwa mwilini. Nilisimama pale dakika ishirini, macho nimefumba, mpaka mlinzi mmoja Mganda akaja.

"Wewe, unangoja nani hapa?"

"Napima mahali pa kuegesha gari."

"Gari liko wapi?"

"Linakuja."

"Likikuja nitalifukuza. Sasa hivi nakufukuza wewe."

Nikaenda Jumeirah Village Circle. Kule majengo yamesimama kwa duara kama watu wanaoota moto, upepo hauna pa kupita, pazuri sana. Lakini kila kona ina kibao cha kukataza, na wakazi wake wakiona kitu kisichong'aa wanakipiga picha na kukishtaki. Mahali bora kuliko pote ni Al Warqa, kwenye ukuta wa nyumba ya arbab wangu, ule unaotazama magharibi. Unalishika jua mpaka saa ya isha, ukiugusa ni kama mgongo wa mtu. Chumba changu cha uani kiliegemea ukuta huo miaka sita. Lakini hapo sasa sipiti, na lazima nikueleze kwa nini, sababu kwenye simu nilikupa mkia wa habari, kichwa nikakificha.

Arbab unamjua kwa masimulizi. Mzee, mjane, mkali wa asubuhi na mpole baada ya kahawa. Alinunua basi kuukuu lililokuwa likibeba watoto wa shule, akaniita mimi na seremala, tukang'oa viti, tukatia mbao, vitanda na kapeti. Kila msimu wa baridi anakwenda nalo jangwani na familia yake, ndiyo starehe yao. Mwaka huu miguu inamsumbua, akasema anataka akae mwezi mzima lakini asisikie baridi. Akaniambia mbele ya binti yake mkubwa, yule ninayemwita madam: "Athumani, wewe mtu wa milima, baridi unaijua. Nichagulie mahali penye joto." Kichwa kikanivimba kama andazi.

Sasa fikiri na wewe. Mtu wa Lushoto ukimwambia atafute joto atafanya nini? Atateremka. Kwetu baridi iko juu na joto liko chini, hilo mtoto analijua kabla ya kujua jina lake. Unatoka nyumbani na sweta, ukifika Mombo unalivua. Basi nikaliendesha lile gari jangwani, nikavipita vilima vya mchanga ambako familia nyingine zimepiga mahema juu kabisa, nikawacheka moyoni, watu wana pesa lakini hawajui mambo. Nikateremka mpaka nikapata shimo zuri, limezungukwa na mchanga pande zote kama bakuli. Nikazima injini kama rubani.

Madam akatazama nje. "Athumani, hapa si chini mno?"

"Madam, chini ndiko kwenye joto. Mimi nimezaliwa na baridi, tunajuana."

Arbab akacheka. Akamwambia binti yake aniache, najua ninachofanya.

Nilikuwa sijui. Kumbe jangwani hewa ya baridi ni nzito, inateremka vilima kama maji na kujikusanya chini. Asubuhi ya kwanza vioo vilikuwa vinatoka jasho, arbab amekaa kitandani na kanzu tatu, ananiambia, "Barid, Athumani, barid." Neno hilo la kwao na la kwetu halina tofauti, nikakosa hata kisingizio cha lugha. Nikamwambia bonde bado halijatuzoea, tulipe siku mbili. Madam akaniambia tuhame. Nikamwambia kesho. Nilikuwa naona aibu kupanda kwenye vile vilima nilivyovicheka, Mama Sauda. Ni hilo tu. Kama si aibu hiyo, leo nisingekuwa naandika barua hii.

Siku ya tatu, mchana, mvua ikanyesha. Huku mvua ni mgeni, lakini akija anakuja na familia yote. Maji yakashuka pande zote kuja kwenye bakuli langu. Yakapanda ngazi za basi, kapeti niliyoigundisha kwa mikono yangu ikaanza kuelea, injini ikapiga chafya mara mbili na kunyamaza. Madam alikuwa ametangulia kukimbilia juu kuomba msaada. Arbab yuko juu ya kitanda na fimbo yake, mimi maji yako magotini. Nikamzungushia blanketi langu, lile zito ulilonifungia siku naondoka, nikambeba mgongoni.

Mzee yule ni mwepesi. Miaka sita nilikuwa namwona mkubwa. Alinishika shingo kama Sauda alivyokuwa akinishika akiwa na homa, meno yake yanagongana sikioni mwangu, na mimi napanda mchanga unaoteremka, hatua mbili juu, moja chini, nasema "Samahani, arbab, samahani, arbab." Tulipofika juu, wale wa mahema ndio waliotupa chai.

Baridi ikamwingia kwenye mapafu. Alilazwa hospitali siku tisa. Mimi nikabaki nyumbani kwao nafagia ua ambao ulishafagiwa. Blanketi lilikwenda naye, halikurudi, na sikuona ni jambo la kuuliza.

Alipotoka hospitali wakamweka kwenye kiti chini ya ule ukuta wa jua. Basi lilikuwa limeshavutwa kutoka jangwani, limesimama nje ya geti, matope mpaka madirishani. Nikaitwa. Nikapiga magoti, nikaanza maneno yangu ya kuomba radhi. Akainua mkono kuninyamazisha. Akalitazama basi, akanitazama mimi. Akasema, "Bas. Khalas. Yalla." Madam akanipa bahasha.

Kiarabu changu nimekiokota jikoni na getini, lakini hayo maneno matatu hayakuhitaji mkalimani. Basi. Limekwisha. Twende. Nikaelewa papo hapo: basi hili kwangu limekwisha kazi, ni lako, nenda nalo. Na bahasha ndiyo karatasi zake. Nililia, sikufichi. Nimemzamishia mzee gari lake, nimemlaza hospitali, na bado ananipa nyumba. Nikambusu kichwani kama watoto wake wanavyofanya. Akafumba macho. Nje, gari la kuvuta magari lilikuwa tayari linafunga mnyororo. Nikaleta begi langu, nikapanda mbele kwa dereva, Mpakistani mwenye ndevu za hina, nikamwambia basi hilo ni langu, aende taratibu. Alikuwa ananitazama njia nzima. Jioni ile ile nikakupigia, ukapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaoa.

Sasa basi liko kwenye yadi kubwa ya magari, nje kabisa ya mji. Getini kuna mlinzi anaitwa Omari, mtu wa Mombasa, kazi yake kuandika magari yanayoingia. Tunakula sahani moja. Injini haijaamka, kwa hiyo lile suala la kuchagua mahali penye joto nimelihamishia ndani. Nimehama mara nne bila kutoka kwenye basi. Kwanza nililala nyuma, kitanda cha arbab, lakini godoro bado lina maji na kioo cha nyuma kimepasuka, nimekiziba kwa katoni. Nikahamia karibu na jiko, gesi ikaisha. Nikajaribu kiti cha dereva, sababu jua la asubuhi linafika hapo kwanza, lakini mlango haufungiki. Sasa nalala chini, katikati ya kabati na friji, nimejifunika mapazia yote sita. Nikitoka asubuhi Omari ananiambia, "Sultani wa mapazia kaamka."

Nimepima. Wewe ungelala kwenye kona ya kabati, mimi ningelala upande wa mlango nizuie upepo. Nimelala hapo mlangoni siku mbili kujaribu, na upepo unanipita, unaingia. Kwenye ule ujumbe wako, uliposema "pana joto," ulikohoa mara mbili. Nimeusikiliza mara nyingi nikitumaini siku moja utakohoa mara moja.

Utauliza mbona natembea mjini mchana badala ya kuwa kazini. Natafuta watu. Nimeuliza kwenye karakana, nimeuliza kwenye sehemu za kuosha magari. Swali ni moja, "Kafeel wako nani?" yaani nani mdhamini wa viza yangu. Jina langu hawaliulizi. Nikiwajibu kwamba niko katikati ya mipango wanaendelea na kazi zao.

Basi nisikuchoshe. Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya magoti naikumbuka. Msalimie kaka yako fundi cherehani, na umwambie lile koti la safari analokushonea asiweke vifungo vya dhahabu, huku watadhani ni askari. Msalimie mwenye nyumba, nimemkasirikia kuhusu lile paa linalovuja lakini msalimie. Bibi wa jirani aliyechukua kuku, mwambie yule mwekundu hutaga nyuma ya kuni. Na Sauda umbusu kwenye paji la uso, umwambie baba yake anasema asome, hata akisukumwa.

Nabaki wako nikiwa na wewe moyoni kuliko nilivyo hapa,

Athumani, Baba Sauda

Hapo ndipo nilipoweka kalamu, Mama Sauda. Omari akaleta chai, akaona karatasi.

"Wamwandikia mkeo?"

"Namweleza mahali pa kuegesha basi."

"Hebu nisomee."

Nikamsomea yote. Alicheka pale pa Mganda, alicheka pale pa andazi. Halafu akawa anakoroga chai ambayo haina sukari.

"Maneno matamu. Haya, sasa aje ama asije?"

"Asije."

"Wapi umemwambia?"

Nikapitisha kidole kwenye mistari. Sikupaona.

"Ataelewa," nikamwambia. "Nimeandika habari za mapazia, za katoni, za mlango."

"Ataleta mablanketi. Mimi namjua mwanamke wa namna hiyo, nimeoa mmoja. Ukimwambia una shida ndiyo afunga mizigo mbio. Athumani, ndugu yangu, hii si barua, hii ni tiketi. Mwambie kama nilivyokwambia mimi siku ile."

Siku ile ni siku ya pili ya kufika hapa yadini. Nilimpelekea Omari bahasha, nikamwambia aandike kwenye daftari lake kwamba mwenye basi ni Athumani wa Lushoto. Yeye anasoma Kiarabu vizuri. Alisoma, akakunja karatasi, akaifungua tena.

"Nani kakwambia umepewa gari?"

"Arbab mwenyewe. Kasema basi."

"Kasema basi ama kasema bas?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Bas kwao ni tosha. Imetosha, imekwisha, haya nenda. Na hii karatasi yasema viza yako imefutwa. Umepewa siku za kuondoka." Alianza kucheka, akaniona uso, akainuka kwenda kuinjika birika.

Hata Kiswahili chetu kina basi ya namna hiyo, ya kumwambia mtu imetosha. Nilikuwa na basi mbili mbele yangu nichague, nikachagua ile yenye magurudumu.

Tangu siku hiyo nimekupigia simu mara nne, na mara zote nne nimelisifu basi. Ulikuwa unacheka, na mimi humu ndani ulipokuwa unacheka ndipo nilipokuwa napata joto. Yadi hii ni ya kukatakata magari wauze chuma. Wakataji wamefika kwenye lori lililo jirani yangu, na Omari anasema wiki hii hii watafika kwangu. Baada ya hapo nitalala kwake siku mbili tatu, wenye yadi wasijue. Nikipata kafeel mwingine nitabaki. Nisipompata nitarudi kabla siku zangu hazijaisha, na nitashuka Lushoto na begi lile lile nililoondoka nalo.

Wewe usije. Ufunguo usiurudishe, na kama umeurudisha kauombe. Nenda pale jikoni shuleni waambie mumeo alikosea, wakupokee tena. Kuku mwachie bibi wa jirani.

Sina bahati yoyote, Mama Sauda. Sikupewa basi. Nilifukuzwa kazi, na nimekuwa nikikudanganya.